Shairi la Kuomba Kugombezwa

Kila mwaka, Kidato cha Nne wanapofika kwenye ushairi, mimi hupandwa na mori. Nikiuliza toni ya shairi ni ipi, darasa zima hunijibu kwa sauti moja: huzuni. Shairi la njaa, huzuni. Shairi la mapenzi, huzuni. Mwaka mmoja niliwapa shairi la kuusifu ugali wa mtama, na kijana mmoja akaandika kwamba toni ni ya huzuni kwa sababu mwishoni ugali unaisha. Nilicheka, lakini baadaye nikakasirika. Huzuni kwao ni kapu la kutupia kila kitu wasichotaka kukifikiria.

Ninafundisha Kiswahili katika shule ya kutwa hapa Machakos, upande wa mji ambako ukisimama mlangoni mwa darasa unaiona milima ya Iveti yote. Katika Kidato cha Nne cha mwaka jana alikuwamo binti yangu mwenyewe. Shuleni aliniita Mwalimu, nyumbani Mami, na hakuwahi kuchanganya. Wenzake walimtania kwamba analalia mwongozo wa kusahihisha. Laiti wangejua. Nilimsahihisha kwa ukali kuliko wote, nisije nikaambiwa nambeba.

Shairi ninalotaka kulisimulia lilikuja katika karatasi za mtihani wa majaribio. Chini yake waliandika tu kwamba ni la wakati wa Vita Vikuu vya Pili na kwamba mtunzi hajulikani. Anayesema ndani yake ni kijana aliyetolewa malishoni akapelekwa jeshini. Yuko ng'ambo, handakini, mvua inanyesha, naye hasemi neno hata moja kuhusu bunduki. Anasema kuhusu ndama. Anasema kuhusu mto mkavu wenye mchanga alimokuwa akichimba visima vya maji kwa mikono. Katika ubeti wa kwanza anauliza, "Utoto wangu wa juzi, umekwendaje na reli?" Kisha kila ubeti unamalizikia kwenye kibwagizo kimoja: "Ndama nimewarejesha, mama fungua mlango."

Nyumba nyingi za huku kwetu zina babu aliyekwenda vita vile, aliyerudi na asiyerudi. Kwa hiyo sikuhitaji kueleza sana muktadha. Nilichohitaji ni watoto wanisikilizie sauti ya yule kijana, waniambie anasema kwa moyo gani. Kabla sijafika huko, lazima nieleze habari za nyumbani kwangu, maana shairi hili nililifundisha nikiwa nimelibeba kutoka huko.

Kwetu Wakamba, binti wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake, na akishapewa, jina hilo haliji peke yake. Linakuja na heshima zake zote. Mume wangu alimpoteza mama yake mwaka mmoja kabla ya binti yetu kuzaliwa, na siku nilipotoka hospitali na kichanga kile, alikipokea kwa mikono miwili akasema, "Karibu nyumbani, mwaitu." Mwaitu kwa Kikamba ni "mama yangu." Tangu siku hiyo hakumwita vingine. Mtoto alipojifunza kutembea, babake alimwachia kiti. Akitaka kwenda Nairobi kununua bidhaa za duka lake la vifaa vya ujenzi, alikuja kuomba ruhusa: "Mwaitu, naweza kuenda?" Naye, ana miaka mitano, mkono kiunoni, anamjibu, "Enda, lakini uniletee mkate ya kukatwa."

Na mimi je? Mimi nilikuwa nimezaa mama mkwe. Nilimtania kila nilipomtuma: "Mama mkwe, naomba uoshe hivyo vyombo, usimwambie mwanao nakutesa." Shemeji zangu wakija kutoka Mitaboni walimletea ndizi na kuku kama walivyokuwa wakimletea mama yao. Alikua akijua kwamba ana wanaume wazima wanne wanaomwita mama, na aliona ni jambo la kawaida kabisa, kama watoto wengine wanavyoona kawaida kuwa na baiskeli.

Lakini mtoto ni mtoto, hufanya makosa, na hapo ndipo mume wangu alipopata taabu. Mtu hawezi kumgombeza mama yake. Basi alibuni njia. Akitaka kumkaripia alikohoa kwanza, kisha akamwita kwa jina lake la ubatizo, lile la kanisani ambalo siku nyingine zote lilikaa tu kwenye cheti. Tukisikia kikohozi kile sote tulijua mama ametoka chumbani na binti ameingia. Alikaripiwa hasa, akalia, na baada ya saa moja babake angekuja na mandazi mfukoni, akimwita mwaitu tena. Jina lile la ubatizo ndilo pekee babake alilomwitia akiwa binti yake.

Kiharusi cha kwanza kilimpata dukani, cha pili nyumbani. Mwili ulirudi, akatembea, akashika kikombe. Akili ndiyo iliyoanza kurudi nyuma. Daktari alituonyesha picha ya ubongo na mahali ambapo damu haikufika. Mimi nilitazama madoa yale nisijue nauliza nini. Kwanza alisahau duka. Kisha akasahau kwamba tumeoana, akawa ananisalimia kwa adabu kila asubuhi na kuniuliza nimetoka kwa nani. Nilipiga moyo konde. Nilijiambia nilimpata akiwa mgeni mara ya kwanza, naweza kumpata tena. Nilikuwa najidanganya, lakini uongo huo ulinisaidia kupika.

Mtu mmoja tu hakumsahau, nasi tulishukuru Mungu kwa hilo. Alimwita binti yetu mwaitu kama kawaida, akasimama getini kila jioni kumsubiri atoke shule. Ilichukua muda kabla hatujaelewa. Siku moja alimuuliza, "Mwaitu, baba amerudi na ng'ombe?" Binti yangu alidhani ni mzaha wao wa zamani, akamjibu, "Bado." Mume wangu akatazama barabarani kwa hofu ya kweli, hofu ya mtoto mdogo. Hakuwa akitania tena. Desturi yetu ilikuwa imemtengenezea njia, naye akaipita mpaka mwisho. Alikuwa amempata mama yake, na mama yake alikuwa na miaka kumi na saba na sketi ya shule.

Kuanzia hapo hakula chakula changu. Muthokoi uleule wa mahindi na maharage niliopika mimi, akipewa na binti yangu anakula na kulamba kijiko. Hakulala mpaka yeye amwambie alale. Akishikwa na tumbo, alimlilia yeye. Na binti yangu alijifunza. Sauti yake ilishuka, ikawa nzito na ya polepole, na hata mwendo wake ndani ya nyumba ulibadilika. Mashangazi walisema ni neema, kwamba marehemu amerudi kumtunza mwanawe. Nilitaka kuwafukuza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi niliona mwanangu akizeeka mbele ya macho yangu huku watu wakimpongeza.

Jioni moja, tukimenya viazi, aliniambia kitu anachokitaka. Alisema bila kuinua uso.

"Mami, mimi nataka tu anigombeze. Mara moja tu. Aniite ile jina ingine anigombeze, halafu basi."

"Akugombeze kwa nini? Hujakosa kitu."

"Nitakosa."

Na kweli alikosa. Alianza na kuchelewa. Siku moja hakuja moja kwa moja kutoka shule, akazunguka sokoni mpaka jua likaanza kuzama, akafika akiwa ameandaa masikio yake. Babake alikuwa getini, amelishika kwa mikono miwili. "Mwaitu," akasema, "nilidhani nimekukosea ukaenda." Alikuwa amelia mpaka kola imelowa.

Mara nyingine alivunja kikombe. Alikiangusha makusudi, sakafuni, mbele ya miguu ya babake. Zamani kikombe kikivunjika nyumbani kwetu kikohozi kilisikika kabla vipande havijatulia. Mume wangu aliinama, akaanza kuokota vipande kwa vidole, huku akisema, "Ni mimi, mwaitu, ni mimi nimevunja, usinichape." Ilibidi tumfungue vidole kimoja kimoja tumtoe vigae. Binti yangu alimfunga kidonda kwa kitambaa, akampulizia.

Jaribio la mwisho lilikuwa karatasi ya hesabu. Alipata alama za aibu, na sijui kama hizo nazo alizitafuta. Hesabu ilikuwa ugonjwa wa babake, mtu wa duka. Hakuna kitu kilichomwasha kama mtoto wake kushindwa na hesabu. Binti yangu aliiweka karatasi mapajani mwa babake, alama zikimtazama kwa wino mwekundu, akasimama akingoja. Mume wangu aliigeuza juu chini, akaipapasa, akamrudishia.

"Mwaitu, mimi sijui kusoma," akasema. "Hujanipeleka shule bado."

Binti yangu aliichukua karatasi akaenda nje. Nilimfuata. Sikuwa na akili nyingine kichwani isipokuwa kumpa anachokitaka, basi nilisimama mbele yake nikakohoa, nikamwita kwa jina lile la ubatizo. Nikamfokea. Nilimwambia ni mvivu, nilimwambia hesabu haziji kwa kuombewa, nilimwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kila upuuzi ambao walimu husema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigusa bega.

"Asante, Mami," akasema. "Lakini si wewe."

Hapo ndipo tulipokuwa wiki ile nilipoingia darasani na shairi la ndama.

Nililisoma kwa sauti mara mbili, kama ninavyofanya siku zote, kisha nikauliza kuhusu nafsineni, nafsinenewa, bahari, mambo ya kawaida. Wakajibu vizuri. Nikauliza toni. Huzuni, wakasema, hata sijamaliza swali. Nikawaambia wafunge midomo na wasome kibwagizo tena, kimoyomoyo. Mtu mwenye huzuni huwaambia watu kwamba ana huzuni. Huyu anatoa habari kwamba ndama wamefika na mlango ufunguliwe. Mbona anasema hivyo, na ndama hana, na mlango hauko?

Mkono wa binti yangu uliinuka.

"Mwalimu, amechelewa," alisema. "Ubeti wa pili anasema jua limezama akiwa bado mtoni. Kwa hivyo anajua mama atamgombeza. Anarudia kusema nimewarejesha, nimewarejesha, ndio mama atoke kwa mlango aseme, mbona umechelewa. Lakini mama hatoki. Ubeti wote sita, hatoki."

"Kwa hiyo toni ni ipi?"

"Ni ya kusihi. Anaomba kugombezwa."

Darasa lilicheka. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Nani anaomba kugombezwa? Si huko jeshi wanamgombeza daily?"

"Huko wanamgombeza kama ng'ombe," akamjibu bila kugeuka. "Mama anakugombeza kwa sababu wewe ni wake. Ukikosa wa kukugombeza, hapo ndio utoto umeisha. Hata kama uko na miaka kumi na saba."

Hawakucheka tena. Machakos ni mji mdogo, na wengine walijua habari za nyumbani kwetu. Mwongozo wa kusahihisha ulikuwa mezani mwangu, umeandikwa huzuni au majonzi, mojawapo. Nilitamani kuuchana. Nilisema, kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi, kwamba jibu lolote lenye ushahidi kutoka kwenye shairi litakubaliwa, na kwamba hilo lina ushahidi kuliko la mwongozo. Kisha nikaugeukia ubao nikaandika kusihi, polepole, herufi baada ya herufi, maana sikuweza kugeuka mapema.

Jumamosi iliyofuata alikuwa barazani akilisoma lile shairi kwa sauti. Nilikuwa nimewaambia wote wajifunze kulighani, kwa sababu shairi ukilisoma kimya unalisikia nusu. Mimi nilikuwa jikoni, dirisha liko wazi. Mawingu yalikuwa yameshuka juu ya Iveti na matone ya kwanza yalikuwa yakigonga mabati. Mume wangu alikuwa ameketi uani chini ya paa la banda la kuku, akichezea kamba. Sikudhani anasikiliza. Siku hizo maneno mengi yalimpita.

Kibwagizo kilipofika mara ya tatu au ya nne, nilimwona akisimama. Alikuja mpaka kwenye ngazi ya baraza, akasimama hapo nje, mvuani, kichwa chini.

"Mwaitu," akasema, "ndama mmoja amebaki mtoni."

Binti yangu aliweka karatasi mezani. "Haina neno. Ingia, unanyeshewa."

Hakuingia.

"Nilikuwa nacheza. Nimemsahau."

"Ni sawa. Tutamtafuta kesho. Kuja ndani ule."

Mvua ilizidi. Nilitoka na koti la mvua nikamwekea mabegani, akalitupa chini, akanisukuma kwa kiwiko. Mimi sikuwa mtu wa kuhusika. Alimtazama binti yetu tu, na usoni mwake mlikuwa na hofu, lakini mlikuwa na kitu kingine kilichoniumiza zaidi, namna ya mtu anayengoja haki yake.

"Huniulizi nilikuwa wapi?" akasema. "Mwaitu? Huniulizi?"

Ndipo nilipoelewa, na nikaona binti yangu ameelewa kabla yangu. Msamaha ule wa haraka ulimtisha babake. Mama anayeona mtoto amepoteza ndama na kusema ni sawa si mama yake, ni mtu mwingine amesimama mlangoni. Alitetemeka, maji yakimchuruzika kwenye ndevu zake nyeupe, na asingeingia nyumba ile mpaka asikie anachokisubiri. Nilitaka kumwambia binti yangu usifanye. Nilitaka kumwambia karipio hilo ni lako, usimpe. 

Binti yangu alisimama. Akakohoa.

"Wewe!" akasema, akamwita babake kwa jina la utotoni wanalomwita dada zake tu. "Unatoka wapi saa hii? Unafikiri hii nyumba haina mwenyewe? Mimi nakaa hapa naangalia barabara mpaka macho inaniuma, na wewe unacheza! Nikuambie mara ngapi? Eh? Mara ngapi? Siku moja utanitafuta ukiwa na shida, na hutanipata, hapo ndio utakumbuka nilikuwa nakuambia. Usinitazame hivyo. Futa machozi. Mtu halilii makosa yake, anayarekebisha. Haya, kuja hapa. Nawa mikono."

Niliyajua maneno yale. Yote, na mahali pa kuvuta pumzi, na kidole kilichogonga meza kwenye "mara ngapi". Hakuwa amebuni hata moja. Ni yale babake aliyomkaripia nayo tangu akiwa na miaka sita, yeye ameyaweka miaka yote hiyo, na sasa alikuwa akimrudishia mwenyewe mpaka la mwisho.

Mume wangu aliinua uso. Sijawahi kumwona na furaha ile, hata siku ya harusi yetu.

"Ĩĩ, mwaitu," akasema. "Sitarudia."

Akapanda ngazi, akanyoosha mikono, akanawishwa. Alikula sahani mbili, nywele zikiwa bado zinadondosha maji, na kabla giza halijaingia alikuwa amelala kwenye kochi, mdomo wazi kidogo, kama mtu asiye na deni na yeyote.

Binti yangu aliingia jikoni akaanza kuosha vyombo. Nilisimama karibu naye na kitambaa, nikikausha alichonipa.

"Nimemgombeza vizuri?" akauliza.

"Vizuri."

"Kama yeye?"

"Kama yeye kabisa."

Alisugua sufuria moja kwa muda mrefu, ilhali ilikuwa safi.

"Basi hakuna tena wa kunigombeza mimi," akasema. Hakulia. Ningependa kusema alilia, kwa sababu mtoto anayelia unaweza kumshika. Alifunga mfereji, akanitazama kuanzia miguuni mpaka usoni, akanichukua kitambaa mkononi. "Na wewe umesimama tangu asubuhi," akaniambia kwa ile sauti nzito, ya polepole. "Kaa chini."

Nikakaa.